Madge Sinclair: Mwalimu wa Jamaika aliyekuwa mama wa Simba

Ukimtaja Madge Sinclair mbele ya Waswahili waliokaa kwenye gumzo, iwe Muscat, London au Dar es Salaam, wengi watakuuliza ni nani huyo. Waambie kwamba ni yule malkia wa Zamunda, mama yake Akeem katika filamu ya Coming to America, na papo hapo utaona nyuso zinafunguka. Endelea kuwaambia kwamba ndiye Bell, mke wa Kunta Kinte katika Roots, na kwamba ndiye aliyetoa sauti ya Sarabi, mama wa Simba katika The Lion King, na kila mmoja atagundua kwamba amemjua bibi huyu kwa miaka mingi bila ya kulijua jina lake.

Kwetu sisi hilo si jambo geni. Mwanamke akishazaa, jina alilopewa na wazazi wake huwekwa kando, naye huitwa Mama Juma au Mama Asha mpaka siku ya mwisho wake. Huko Hollywood, Madge Sinclair aliishi hivyo hivyo. Alikuwa Mama Kizzy, Mama Akeem na Mama Simba. Tofauti ni kwamba mtaani kwetu kuitwa kwa jina la mtoto ni heshima, lakini Hollywood mtu asiyejulikana kwa jina lake hulipia gharama. Jina ndilo linalouza tiketi, na mwenye kuuza tiketi ndiye anayelipwa mamilioni na kuandikiwa hadithi yake mwenyewe.

Tumeona tumzungumzie kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kazi yake, ambayo inastahili kutazamwa upya na mtu anayejua nini cha kuangalia. Ya pili ni safari yake. Alikuwa mtu mzima mwenye taaluma na familia, akafunga virago, akaondoka kwao na kwenda kuanza upya katika nchi isiyomjua. Wasomaji wetu wengi hawahitaji kuelezwa safari ya namna hiyo ikoje.

MWALIMU AWEKA CHAKI CHINI

Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1938 mjini Kingston, Jamaika, akaitwa Madge Dorita Walters. Kisiwa hicho wakati huo kilikuwa chini ya Mwingereza, kama ilivyokuwa kwa nchi zetu za Afrika Mashariki. Alisomea ualimu katika chuo cha Shortwood, chuo kikongwe cha kufunzia walimu wa kike kilichoanzishwa mwaka 1885. Aliolewa akiwa bado binti mdogo, akajaaliwa watoto wawili wa kiume, na akawa anafundisha shule katika mji wa Montego Bay. Jina la Sinclair alilipata kwa mume huyo wa kwanza, na akabaki nalo katika kazi yake yote hata baada ya ndoa hiyo kuvunjika.

Mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 30, mwalimu huyu aliweka chaki chini akaenda New York kutafuta kazi ya uigizaji.

Hakuwa peke yake katika safari ya kwenda Marekani. Jamaika ilipata uhuru mwezi Agosti 1962, na mwaka huo huo Uingereza ikapitisha sheria ya kupunguza wahamiaji kutoka makoloni yake ya zamani. Njia ya kwenda London na Birmingham, iliyopitwa na Wajamaika wengi tangu baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ikawa nyembamba. Upande wa pili wa bahari, Marekani ilibadili sheria yake ya uhamiaji mwaka 1965 na kuufuta mgao uliokuwa ukiwapendelea watu wa Ulaya. Sheria hiyo ilianza kutumika kikamilifu mwaka 1968. Wajamaika wakageuza uso, wakaelekea New York kwa maelfu. Wanawake wengi miongoni mwao walikwenda kufanya kazi za uuguzi na za majumbani.

Madge alikwenda kutafuta jukwaa. Tuseme ukweli, hata mwenyeji aliyezaliwa New York, akianza uigizaji akiwa na miaka 30, huambiwa kwamba amechelewa. Huyu alikuwa mwanamke, mweusi, mgeni, na ulimi wake ulikuwa na lafudhi ya visiwani. Alianzia kwenye michezo ya kuigiza, akafanya kazi na New York Shakespeare Festival, taasisi iliyoasisiwa na Joseph Papp, mtu ambaye alikuwa akiwapa waigizaji weusi nafasi katika michezo ya Shakespeare wakati majumba mengine yalikuwa bado yanasita. Hapo ndipo sauti ile ya mwalimu, iliyozoea kusikika mpaka dawati la nyuma kabisa, ilipopata matumizi mapya.

STERINGI NA WENGINE

Kabla hatujaendelea, yafaa tueleze kidogo jinsi sinema za Hollywood zinavyopangwa. Vijana waliokulia kwenye mabanda ya video wanajua kwamba kila filamu ina steringi wake, na steringi hafi. Yeye ndiye anayewekwa kwenye bango, na hadithi nzima humfuata yeye. Lakini steringi hawezi kubeba filamu peke yake. Anahitaji mama wa kumwonya, mkuu wa shule wa kumkatalia, muuguzi wa kumfunga jeraha, jirani wa kumpasha habari. Watu hao huigizwa na kundi la waigizaji ambao kazi yao ni kuingia kwa dakika chache, kumfanya mtazamaji aamini kwamba mhusika huyo ameishi miaka 50 kabla ya filamu kuanza, kisha kutoka. Hulipwa kwa siku au kwa wiki walizofanya kazi. Filamu ikifaulu, sifa ni za steringi.

Kwa wanawake weusi, hata nafasi hizo ndogo zilikuwa na ukuta wake. Hattie McDaniel, mwanamke mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar, aliipata mwezi Februari 1940 kwa kuigiza mtumishi wa ndani katika Gone with the Wind, na usiku ule alikalishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake wazungu. Baada ya tuzo hiyo aliendelea kupewa nafasi za mtumishi. Mwanamke mweusi wa pili kushinda Oscar ya uigizaji alikuwa Whoopi Goldberg, mwaka 1991. Hesabu mwenyewe: miaka 51.

Katika ukumbi wa namna hiyo ndimo Madge Sinclair alimoingia. Nafasi yake ya kwanza ya kuonekana vizuri katika sinema ilikuwa mwaka 1974, katika Conrack, filamu iliyoongozwa na Martin Ritt. Jon Voight aliigiza mwalimu kijana wa kizungu anayekwenda kufundisha watoto weusi kwenye kisiwa cha South Carolina. Madge alikuwa Bi Scott, mkuu wa shule mkali anayeamini fimbo na nidhamu. Filamu inataka tumpende mwalimu mgeni mwenye mbinu za kisasa, na tunampenda. Lakini mtazame Bi Scott. Mwigizaji mwingine angemfanya kuwa mama katili tu. Madge anatuonesha mwanamke ambaye ameona watoto wa rangi yake wakidharauliwa maisha yake yote, na anayeogopa kwamba asipowakaza yeye, dunia itakuja kuwavunja. Alikuwa anamjua mwalimu wa aina hiyo. Yeye mwenyewe alikuwa ametoka darasani miaka 6 tu iliyopita.

Baada ya hapo kazi zikafuatana. Mwaka 1975 alikuwa katika Cornbread, Earl and Me kama mama wa kijana mcheza mpira wa kikapu anayeuawa kwa risasi za polisi, filamu ambayo pia ilikuwa ya kwanza kwa Laurence Fishburne, wakati huo bado mtoto. Mwaka 1976 alionekana katika Leadbelly ya Gordon Parks. Mwaka 1978 akawa dereva wa lori katika Convoy ya Sam Peckinpah, mwanamke pekee mweusi katika msafara wa wababe wa barabarani, na alishika usukani kana kwamba amezaliwa nao.

MKE WA KUNTA KINTE

Lakini kilichomfikisha katika kila sebule ya Marekani ni Roots. Kituo cha ABC kilikionesha kisa hicho cha Alex Haley kwa usiku 8 mfululizo mwezi Januari 1977, na usiku wa mwisho watazamaji walikadiriwa kufika milioni 100. Baadaye Roots ilisambaa duniani, na kwetu ilizunguka kwa miaka mingi kwenye kanda za video. Ikumbukwe kwamba Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nacho tangu miaka ya 1970. Kanda moja ilipita nyumba hadi nyumba mpaka picha ikaanza kutetemeka.

Madge aliigiza Bell, mpishi katika nyumba ya bwana. Kunta Kinte, aliyeigizwa akiwa mtu mzima na John Amos, analetwa kwake akiwa amekatwa sehemu ya mguu kwa kosa la kutoroka. Bell anamuuguza. Kunta hataki kuishi, na Bell hamhurumii kwa machozi. Anamchokoza, anamgombeza, anamlazimisha asimame. Mtu yeyote aliyelelewa na shangazi wa pwani anaijua huruma ya aina hiyo, ile inayokuja imevaa ukali. Wawili hao wanaoana, wanapata binti, wanamwita Kizzy.

Kisha inakuja siku ambayo Kizzy anauzwa. Kwa aliyeiona, sehemu hiyo haisahauliki. Bell, ambaye kwa miaka yote hiyo ameamini kwamba akipika vizuri na kutumikia kwa uaminifu familia yake itaachwa salama, anagundua kwa dakika moja kwamba uaminifu wake haukuwa na thamani yoyote mbele ya bwana. Madge haigizi mwanamke anayelia tu. Anaigiza mtu ambaye hesabu ya maisha yake yote imemgeuka. Sehemu hiyo ina dakika chache, na ndani ya dakika hizo utumwa unaacha kuwa somo la historia, unakuwa mama na mtoto wake.

Kwa kazi hiyo aliteuliwa kuwania Emmy, tuzo kubwa ya televisheni Marekani. Hakushinda. Ilikuwa mara ya kwanza kati ya mara 5 alizoteuliwa katika maisha yake.

MUUGUZI ALIYEKUWA MGONJWA

Mwaka 1980 alipata kitu ambacho waigizaji wa aina yake hukiota, yaani kazi ya kudumu. Alijiunga na tamthilia ya CBS iliyoitwa Trapper John, M.D., kuhusu hospitali moja mjini San Francisco, akiigiza muuguzi Ernestine Shoop. Alikaa humo hadi tamthilia ilipokwisha mwaka 1986, na akateuliwa kuwania Emmy mara 3 mfululizo, mwaka 1983, 1984 na 1985. Mara zote 3 alirudi mikono mitupu.

Kuna jambo ambalo watazamaji wengi hawakulijua wakati huo. Mwaka 1982 madaktari walimwambia kwamba ana saratani ya damu. Kwa hiyo katika miaka ile ambayo Marekani nzima ilikuwa ikimwona kila wiki akipita wodini, akisoma vipimo vya wengine, akiwashika mikono wagonjwa na kuwaambia wajikaze, yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa. Aliishi na maradhi hayo kwa miaka 13, na sehemu kubwa ya kazi tunazomkumbukia alizifanya ndani ya miaka hiyo. Zamunda ilikuja baada ya habari ile ya daktari. Sarabi pia.

Mtu anayeishi Marekani ataelewa kwamba ugonjwa mrefu huko si suala la dawa peke yake. Bima ya afya ya chama cha waigizaji hutegemea kipato cha mwigizaji. Asipofikisha kiwango kilichowekwa, bima hukatika. Hakuna mwigizaji wa nafasi ndogo anayeweza kusema atapumzika miaka mitatu kisha arudi.

MALKIA, NAHODHA NA MZEE JONES

Mwaka 1986 aliingia katika Star Trek IV kwa muda mfupi sana, akiwa nahodha wa chombo cha anga kiitwacho Saratoga. Ukiinama kuokota bisi zilizomwagika unaweza kumkosa. Hata hivyo wapenzi wa Star Trek humtaja kuwa ndiye mwanamke wa kwanza kuonekana kwenye filamu hizo akiwa nahodha wa chombo. Nahodha Janeway, ambaye ndiye anayejulikana zaidi, alianza kuonekana mwaka 1995. Kabla yake, kiti hicho kilikuwa kimekaliwa na mwalimu wa Montego Bay.

Alirudi katika ulimwengu huo mwaka 1993, katika kipindi kimoja cha Star Trek: The Next Generation, akiwa nahodha tena na mama wa mhandisi Geordi La Forge. Geordi aliigizwa na LeVar Burton, yule yule aliyekuwa Kunta Kinte kijana katika Roots. Baba yake katika kipindi hicho aliigizwa na Ben Vereen, ambaye katika Roots alikuwa Chicken George, mjukuu wa Bell. Familia iliyotawanywa na mnada wa watumwa ikakutana tena angani, miaka 16 baadaye.

Kati ya vyombo hivyo viwili vya anga ikaja Zamunda. Coming to America ilitoka mwaka 1988, ikiongozwa na John Landis, na Eddie Murphy akiwa steringi. Zamunda ni nchi ya kubuni, na Mwafrika anaweza kuitazama kwa jicho la mashaka: tembo bustanini, ngozi ya simba begani mwa mfalme. Tunakubali. Lakini katikati ya vichekesho hivyo vyote kuna watu wawili ambao hawachekeshi kwa kujidhalilisha, nao ni Mfalme Jaffe Joffer, aliyeigizwa na James Earl Jones, na Malkia Aoleon. Walisimama kama watu waliozaliwa katika ufalme, na kwa kusimama hivyo wakamzuia mtazamaji wa Ulaya na Marekani asiicheke Afrika yenyewe. Alicheka mambo yanayowapata wahusika tu.

Tena malkia huyo ndiye anayeamua hadithi. Mfalme anapong'ang'ania kwamba mila ni mila, na kuuliza yeye ni nani hata aibadilishe, mkewe anamkumbusha kwa upole kwamba alidhani yeye ndiye mfalme. Hakupandisha sauti. Ni sentensi moja, inasemwa ndani ya gari, na mzee mzima anabaki hana jibu. Wanaume wengi waliooa wanaitambua sentensi hiyo.

James Earl Jones na Madge Sinclair waliendana kiasi kwamba walioanishwa tena. Mwaka 1990 walikutana katika Gabriel's Fire, tamthilia ya ABC ambamo Jones alikuwa askari wa zamani aliyetoka gerezani, na Madge akawa Empress Josephine, mwenye mgahawa mjini Chicago. Hatimaye, mwezi Agosti 1991 huko Pasadena, jina lake likasomwa. Alishinda Emmy ya mwigizaji msaidizi wa kike katika tamthilia. Usiku huo huo Jones naye alishinda kwa tamthilia hiyo hiyo. Chanda chema huvikwa pete, lakini pete hii ilichukua miaka 14 tangu uteuzi wa kwanza, na alivikwa akiwa na umri wa miaka 53, na maradhi yake yakiwa na miaka 9.

Tamthilia yenyewe haikudumu. Ilibadilishwa jina na sura, ikaitwa Pros and Cons, wahusika wakahamishiwa Los Angeles na kuozeshwa, na mwaka 1992 ikafutwa. Ushindi haukumbadilishia ngazi. Hakuna aliyemwandikia filamu yake mwenyewe. Aliendelea na alichokuwa akikifanya: mwaka 1993 alikuwa katika Queen, hadithi nyingine ya Alex Haley, na mwaka 1994 akawa mama mkwe katika kipindi cha vichekesho cha Steve Harvey kilichoitwa Me and the Boys.

SARABI KWA KISWAHILI CHETU

Kisha ikaja The Lion King, mwezi Juni 1994. Watengenezaji wa Disney walikuwa wamekwenda Kenya kutazama nyika na wanyama, na walirudi na maneno yetu. Simba ni simba, Rafiki ni rafiki, na Pumbaa hahitaji tafsiri. Mama yake Simba aliitwa Sarabi. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na kwa Kiswahili ni mazigazi, yale maji unayoyaona yakimeremeta barabarani wakati wa jua kali, ukiyasogelea yanakimbia.

Jones akawa Mufasa, na Madge akawa Sarabi. Ilikuwa mara ya tatu kwa wawili hao kuwa mume na mke. Mtoto anaweza kuitazama filamu hiyo mara 20 asigundue jinsi maneno ya Sarabi yalivyo machache. Lakini kumbukeni pale Scar anapomwita na kumtaka awaeleze majike kwa nini hawawindi. Nchi imekauka, wanyama wamehama. Sarabi anapita katikati ya fisi bila ya kuwatazama, anasimama mbele ya mtawala aliyepora kiti cha mumewe, na anamwambia ukweli kwamba hakuna chakula na kwamba lazima wahame. Anamlinganisha na Mufasa usoni kwake. Anapigwa kofi kwa neno hilo.

Sauti hiyo ni ya mwanamke aliyekuwa mgonjwa kwa miaka 12. Sisi wa nchi zetu, ambao tumewajua watawala wasiopenda kuambiwa kwamba ghala ni tupu, tunaona kwamba dakika hizo mbili zina uzito ambao pengine watoto waliojaza kumbi hawakuuona. Wengine wetu tupo huku tuliko kwa sababu ya ukweli wa aina hiyo hiyo. Sarabi hakuwa na jeshi, alikuwa na ukweli na namna ya kusimama.

Filamu hiyo ndiyo iliyoingiza fedha nyingi kuliko zote duniani mwaka 1994. Sauti ya Madge ilifika vijiji ambavyo jina lake halitafika.

MCHEZA KWAO HUTUNZWA?

Madge Sinclair alifariki dunia tarehe 20 Desemba 1995 mjini Los Angeles, akiwa na umri wa miaka 57. Majivu yake yalirudishwa Jamaika. Kwa sisi tunaoishi ughaibuni, ambao kila mara tunachangishana ili ndugu yetu arudishwe kuzikwa kwao, hatuhitaji maelezo zaidi ya hapo. Alikuwa ametoka akiwa mwalimu, na miaka 27 baadaye akarudi.

Mwaka 2000 serikali ya Jamaika ilimtunuku nishani ya taifa ya Order of Distinction, daraja la Kamanda, kwa mchango wake katika sanaa ya uigizaji. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Yeye aliichezea ngoma yake mbali na kwao, na alipotunzwa alikuwa amekwishalala miaka 5 kaburini. Hatusemi hili kuwalaumu Wajamaika, maana wao angalau walikumbuka. Tujiulize sisi kwanza. Ni wauguzi wangapi wa kwetu, walimu, wanamuziki, waandishi, ambao wanafanya kazi iliyonyooka katika nchi za watu, na nyumbani majina yao yanatajwa siku ya msiba tu?

James Earl Jones aliishi kuirudia kazi yao yote miwili. Mwaka 2019 alitoa tena sauti ya Mufasa katika The Lion King mpya, safari hii Sarabi akiwa Alfre Woodard. Mwaka 2021 alirudi Zamunda katika Coming 2 America, bila ya malkia wake. Jones naye alifariki mwezi Septemba 2024 akiwa na miaka 93, na dunia nzima iliandika habari zake, kama alivyostahili. Humo ndani ya taarifa hizo, mwenye kutafuta angeliona mahali fulani jina la Madge Sinclair, katika mstari mmoja.

Kuna watakaosema kwamba maisha yake ni kisa cha kipaji kilichopotezwa na ubaguzi, kwamba angezaliwa na rangi nyingine angekuwa steringi. Huenda ni kweli, na dhuluma hiyo isifichwe. Lakini tusimwonee kwa kumhesabia alichonyimwa tu. Alipewa mpishi, akampa utu. Alipewa muuguzi, akampa mamlaka. Alipewa malkia wa nchi ya kuchekesha, akakataa kuchekwa. Kila alipopewa mlango mdogo aliingia kwa kichwa kilichoinuka, na hao waliomfuata, akina Alfre Woodard na wenzake, waliukuta mlango umepanuka kidogo.

Kwa hiyo wasomaji wetu, tuna ombi dogo. Safari nyingine watoto au wajukuu wenu wakiweka The Lion King kwenye runinga, na ikafika pale Sarabi anapopita katikati ya fisi, wasimamisheni kidogo. Waambieni sauti hiyo ni ya nani. Waambieni alikuwa mwalimu wa shule kutoka kisiwa kidogo, aliyeanza upya akiwa na miaka 30 katika nchi ya ugenini, na kwamba jina lake lilikuwa Madge Sinclair.